Baiskeli ya gia kwa mwanamke wa Dodoma: jinsi ya kuchagua inayolingana na uwezo wako

Baiskeli yangu ya kwanza ya gia niliichagua kwa rangi. Ilikuwa ya zambarau, ina shokapu mbele na nyingine katikati ya fremu, na muuzaji aliniapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe ya milimani. Siku ya tatu nilisimama kumpisha mbuzi kwenye njia ya vumbi nyuma ya Chuo Kikuu, mguu ukatafuta ardhi usiipate, nikaangukia ubavu mbele ya kijiwe cha bodaboda. Fremu ilikuwa ya inchi 19. Mimi nina urefu wa sentimita 158. Vijana waliniinua wakaniambia, "Pole mama, utazoea." Sikuzoea. Niliiuza kwa hasara baada ya miezi miwili, na nikajifunza kwamba baiskeli ya milimani ya mtu mwingine ni mzigo kwako.

Tangu hapo nimejinunulia nyingine mara tatu na kusindikiza akina mama na mabinti wengi kwenda kununua zao. Nayaandika hapa kwa mpangilio tunaoufuata.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza

Azima baiskeli yoyote inayokukaribia kwa saizi. Nenda uwanja wa shule Jumapili asubuhi kabla upepo haujaamka, ufanye mambo manne. Ondoka bila kusukumwa, kisha usimame bila kurukia chini. Endesha mstari mnyoofu huku ukigeuza kichwa kutazama nyuma. Simama juu ya pedeli, makalio yakiwa yameachana na kiti, upite juu ya tuta dogo. Mwisho tafuta kilima, simama katikati yake, kisha ujaribu kuondoka tena kuelekea juu.

Ukishindwa la kwanza au la pili, wewe bado unaanza, wala si aibu. Ukiyaweza hayo mawili lakini tuta na kilima vinakusumbua, upo katikati. Ukiyafanya yote manne bila kuwaza, na umewahi kuvuka korongo la mchanga bila kushuka, wewe ni mzoefu, ukanunue kama mzoefu.

Hapa ndipo tunapojidanganya. Wengi tunasema "nimeendesha tangu utotoni", na ni kweli: tuliendesha Phoenix ya baba, mguu tumeupitisha chini ya bomba la fremu kwa sababu hatukufikia kiti. Hiyo inafundisha mizani. Breki, gia, na kutazama nyuma wakati bajaji inakupigia honi havimo humo.

Hatua ya 2: Iandike njia yako

Usiseme "naendesha Dodoma". Chukua karatasi uandike unatoka wapi, unakwenda wapi, chini kuna nini. Anayetoka Kisasa kwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anakanyaga lami karibu njia nzima. Adui zake ni malori, upepo, na jua, maana asubuhi anaelekea mashariki likimpiga machoni na jioni anarudi magharibi likimpiga machoni tena. Huyo hana haja ya matairi mapana wala shokapu. Anayekaa pembezoni mwa Nkuhungu au Nzuguni, akaingia mitaa ambayo mvua ya Februari imeichimba mifereji, anahitaji tairi lenye mwili. Na anayependa kupanda njia za vilima vya Mlimwa, au anayeota kwenda Kondoa na kuzunguka vilima vya Irangi hadi kwenye michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, huyo sasa ndiye wa baiskeli ya milimani kwa maana yake halisi.

Andika pia mzigo. Mtoto, ndoo, gunia la mahindi, laptopu. Fremu nyingi za michezo hazina matundu ya kufungia keria, na ya kubanwa kwenye bomba la kiti pekee haibebi kitu cha maana. Mama akiniambia "nitambeba mwanangu", mazungumzo ya shokapu yanaishia hapo hapo.

Hatua ya 3: Pima mwili, kisha fremu

Kama huna subira ya kusoma yote, soma hapa.

Vua viatu, simama umeegemea ukuta, miguu imeachana kidogo. Chukua daftari gumu, lipandishe katikati ya mapaja mpaka likubane kama kiti kinavyobana, mgongo wa daftari ukiwa umegusa ukuta. Mtu mwingine aweke alama ya penseli pale ukingo wa juu ulipofika. Kutoka sakafuni hadi alama ndiyo ndani ya mguu wako. Tuseme umepata sentimita 74.

Zidisha kwa 0.225, utapata kama inchi 16 na nusu: hapo ndipo pa kuanzia kutafuta fremu ya gia. Fremu hupimwa kutoka katikati ya mhimili wa pedeli (ule unaopita kwenye fremu na kushika mikono miwili inayobeba pedeli) hadi mwisho wa juu wa bomba la kiti, na namba mara nyingi imebandikwa kwenye bomba hilo. Ikiwa imebanduka, pima mwenyewe kwa futi. Kisha zidisha sentimita zile zile 74 kwa 0.883, upate kama 65. Huo ndio umbali kutoka mhimili wa pedeli hadi juu ya kiti ukiwa umekiweka sawa. Hesabu hii ni ya kukukaribisha tu, lakini inamnyamazisha muuzaji anayesema "hii inaingia kila mtu".

Sasa ipande fremu, usikae kitini, simama nyayo zote chini. Kati ya bomba la juu na mwili wako pawe na nafasi ya sentimita tano au zaidi ikiwa utaingia kwenye vumbi na mawe. Kwa lami tupu hata tatu zinatosha. Hakuna nafasi, hakuna biashara. Ukiwa katikati ya saizi mbili, mwanamke anayeanza achukue ndogo. Kiti kinaweza kupandishwa. Bomba la juu halishuki. Ila ukikipandisha, usipite ile alama iliyochorwa kwenye nguzo ya kiti inayoonyesha mwisho, maana nguzo fupi ndani ya fremu huvunjika au hupasua fremu.

Urefu wa kwenda mbele nao una lake. Ukishika usukani mikono ikanyooka kama unaning'inia, mabega yatawaka moto kabla hujafika Ihumwa. Viwiko vipinde kidogo. Baiskeli nyingi zinazouzwa kama "za kike" ni za kiume zilizopakwa waridi na kuwekewa kikapu, na baadhi ya watengenezaji wakubwa duniani wenyewe wameacha kutengeneza fremu tofauti za wanawake. Tofauti za kweli zipo kwenye vitu vidogo: kiti kipana zaidi nyuma, usukani mfupi kidogo, mikono ya pedeli ya milimita 165 badala ya 170 au 175 kwa wenye miguu mifupi, na vishikio vya breki vinavyoweza kusogezwa karibu na vidole. Vishikio vingi vina skrubu ndogo kwa kazi hiyo. Fundi anajua, ila hakumbuki mpaka umwambie.

Kuhusu kiti, wanawake wanateseka kimya. Kaa juu ya kipande cha boksi la karatasi ngumu kilichowekwa kwenye ngazi ya saruji, uegemee mbele kidogo, uvute magoti. Utaona mashimo mawili yaliyoachwa na mifupa ya makalio. Pima kutoka katikati ya moja hadi ya pili, ongeza sentimita mbili au tatu, hapo una upana wa kiti chako. Kiti chenye sponji nene kama godoro kinadanganya dukani. Baada ya nusu saa sponji linapanda juu na kubana pasipotakiwa kubanwa.

Hatua ya 4: Oanisha baiskeli na kiwango

*Anayeanza.* Tafuta fremu yenye bomba la kushuka, ile unayoingia bila kurusha mguu. Ukivaa dera, sketi ya kazini au baibui, hii ndiyo pekee itakayokupa amani, pamoja na kava ya cheni na wavu kwenye gurudumu la nyuma. Gia sita au saba za nyuma zinatosha kabisa. Breki za kawaida za kubana ringi, zile ambazo fundi yeyote wa Chang'ombe anazirekebisha kwa spana moja. Shokapu usiikaribie. Za bei ya chini ni springi nzito iliyofungiwa kwenye bomba. Nyingi zimekadiriwa kwa mtu mzito zaidi, na mwanamke wa kilo 55 akiikalia haibonyei kabisa. Umelipia kilo mbili za chuma zisizofanya kazi. Miezi ya mwanzo weka kiti chini kidogo ya ile hesabu, uweze kuweka vidole chini ukisimama. Goti litachoka mapema, lakini hofu itaondoka, na hofu ndiyo inayowafanya wengi waiache baiskeli stoo.

*Wa katikati.* Hapa ndipo wengi wetu tulipo na ndipo pa kutumia pesa kwa akili. Fremu ngumu nyuma, yaani isiyo na shokapu ya nyuma, ya alumini au chuma kizuri. Mbele shokapu ya kawaida si dhambi, lakini ukipewa kuchagua kati ya shokapu na gia nyepesi, chagua gia. Mwangalie mwanamke anayesukuma baiskeli kupanda barabara za Chuo Kikuu kule Chimwaga: mara nyingi si mapafu yaliyoshindwa, ni meno. Kwenye maduara yanayobeba cheni, hesabu meno ya duara dogo la mbele na ya duara kubwa kabisa la nyuma. La nyuma likiwa na meno sawa na la mbele au zaidi, utapanda. Mbele 28 na nyuma 28 maana yake mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Mbele 42 na nyuma 24, na umebeba mkoba? Utashuka tu. Ile sifa ya "gia 21" isikubabaishe. Ni maduara matatu mbele mara saba nyuma, nyingi zinarudiana, na utakazotumia kweli hazifiki nusu.

Breki za diski za waya zinafaa kiwango hiki, hasa kwenye matope ya Januari ambayo hugandia ringi. Lakini diski mbovu ni mbaya kuliko breki nzuri ya kubana, kwa hiyo zijaribu, usinunue jina.

*Mzoefu.* Wewe tayari una maoni yako, nitakuwa mfupi. Breki za mafuta, kwa sababu kidole kimoja kinatosha na viganja vyetu vidogo havichoki kwenye mteremko mrefu. Shokapu ya upepo ya mbele, yenye safari (yaani kina cha kubonyea) ya milimita 100 hadi 120, kwa sababu hiyo unaijaza kulingana na uzito wako: ukikaa tuli iingie robo ya safari yake au pungufu kidogo. Duara moja la meno mbele, na nyuma maduara yenye tofauti kubwa kati ya dogo kabisa na kubwa kabisa. Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe ni raha kwenye mawe. Shokapu ya nyuma inahitaji vipuri ambavyo hapa mjini utavitafuta mpaka uchoke, mimi sinunui.

Usiruke daraja. Anayeanza akinunua ya mzoefu atakuwa na baiskeli inayoegemea mbele, ya juu, yenye breki kali zinazomrusha. Mzoefu akinunua ya anayeanza atakuwa tu mpole kidogo mlimani.

Hatua ya 5: Matairi, na ile mitego ya namba

Dodoma ina mbigiri. Ile mimea inayotambaa pembeni ya njia, yenye kimaua cha njano, ndiyo inayotoa tunda la miba linalokaa ncha moja juu daima hata ulitupe vipi. Ongeza miba ya migunga. Usiulize kama utapata pancha. Uliza zitakuwa ngapi kwa wiki. Nunua matairi yenye gamba nene na ndani yake mwambie fundi aweke tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu, izunguke kati ya tairi na tyubu mpya. Inaongeza uzito, ndiyo. Nimepunguza pancha kwa njia hiyo kuliko kwa dawa yoyote.

Sasa mtego. Baiskeli za mtumba za Japani, zile zenye kikapu mbele, zimeandikwa 26. Baiskeli za gia nazo zimeandikwa 26. Haziingiliani. Tairi la Kijapani la 26 x 1⅜ linakaa kwenye ringi ya milimita 590. La gia la 26 x 1.95 linakaa kwenye ringi ya milimita 559. Tofauti ni sentimita tatu. Nimemwona mama amebeba tairi jipya kutoka Sabasaba hadi kwa fundi wake Makulu, likawa kubwa kwa gurudumu lake kama bangili ya shangazi mkononi mwa mtoto. Phoenix ya 28 x 1½ ni nyingine tena, milimita 635. Kwa hiyo usisome inchi. Pembeni ya tairi pameandikwa pia namba kama 50-559 au 37-590. Hiyo ya mwisho ndiyo ukweli. Baiskeli mpya za gia zenye 27.5 ni 584, na zenye 29 ni 622.

Kwa urefu wa chini ya sentimita 160, magurudumu ya 29 mara nyingi yanakufanya uwe juu mno na vidole vya miguu vinagusa tairi ukikata kona. 26 au 27.5 zinatosha. 26 ndiyo yenye tyubu kila kijiwe, hata Bahi na Kongwa, na kwa safari za mbali hilo lina uzito kuliko kasi.

Upana: lami tupu, inchi 1.5 hadi 1.75. Mchanganyiko, 1.95 hadi 2.1. Makorongo ya mchanga, 2.25 kama fremu inaruhusu. Upepo wa ndani usimwachie kijana wa kompresa, atajaza kama ya bodaboda. Tairi la 2.1 kwa mwanamke wa uzito wa kawaida, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 30 hadi 35 kwenye vumbi inatosha. Kwenye mchanga punguza kidogo zaidi, kwenye lami panda hadi 45. Na gia nyepesi iwekwe kabla hujaingia mchangani. Ukishazama, umechelewa.

Hatua ya 6: Ukikagua ya mtumba

Hapa mjini ukisema "mtumba" watu wanawaza Mji wa Serikali, lakini nazungumzia baiskeli zilizotumika, na mimi nazipenda kuliko mpya za bei rahisi. Chuma cha Kijapani cha miaka kumi kinaweza kuishi zaidi ya alumini mpya ya kubahatisha. Nenda asubuhi, kuna mwanga na muuzaji hana haraka.

Pitisha kidole kwenye viungio vyote vya fremu, hasa chini ya shingo ya usukani na karibu na pedeli. Rangi iliyopasuka kama unywele mwembamba, au iliyopakwa upya sehemu moja tu, ni ufa uliofichwa. Iache hata ikipunguzwa bei nusu. Inua gurudumu lizungushe: likiyumba kidogo njiti zitanyooshwa, likiyumba kama mlevi ringi imepinda. Kamata mikono ya pedeli uitikise kushoto na kulia. Ikigonga, gololi zimekwisha au nati imelegea, na la pili ni nafuu zaidi. Gusa ringi panapobanwa na breki. Ikiwa imebonyea kama kijiko, imelika, iko siku itapasuka.

Cheni ipime kwa futi yenye inchi. Pini ya kwanza iwe kwenye sifuri, hesabu pini 24 mbele yake. Ikiwa mpya, hiyo ya 24 inaangukia inchi 12 kamili. Ikivuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikivuka kwa moja ya nane, meno nayo yamekwisha, na gharama yake iondolewe kwenye bei hapo hapo. Wauzaji wengi hawajawahi kuona mwanamke akitoa futi. Bei huanza kushuka yenyewe.

Jambo la mwisho hapa, na si dogo. Bonyeza breki moja moja uone mkono upi unashika gurudumu lipi. Baiskeli nyingi zilizotoka Japani au Uingereza, kulia ni mbele. Zilizotoka Ulaya bara mara nyingi kushoto ndiyo mbele. Ukizoea moja kisha ukabadilisha, siku ya dharura utakamata la mbele kwa nguvu na kuruka juu ya usukani. Mwambie fundi azihamishe zifanane na ulivyozoea. Kwa breki za waya ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 7: Ijaribu, halafu irudishe kwa fundi

Usilipe kabla hujaiendesha robo saa, na uende kwenye kilima, si kuzunguka duka. Badilisha gia zote ukiwa unapanda. Simama ghafla ukiwa na kasi ndogo. Kisha keti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limepinda kidogo, na huo ndio urefu sahihi ukishazoea.

Helmeti nunua siku hiyo hiyo, na uijaribu ukiwa umesuka kama unavyosuka kawaida. Iliyokukaa vizuri ukiwa na nywele fupi haitaingia wiki ya rasta. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, utikise kichwa isicheze.

Tenga sehemu moja kati ya tano ya pesa zako kwa ajili ya baada ya kununua: matairi, tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu ndogo, kufuli la maana. Kisha endesha wiki moja, uirudishe kwa fundi hata kama huoni tatizo. Waya za breki na gia zitakuwa zimevutika, njiti zimelegea, na nati za mikono ya pedeli zinataka kukazwa. Mwenzangu mmoja aliona hiyo ni kupoteza muda, na mkono wa kushoto ulimtoka katikati ya mteremko wa Mlimwa. Alirudi nyumbani akikanyaga kwa mguu mmoja, mkono wa pedeli ukiwa ndani ya kikapu pamoja na mchicha.